Santuri ya Blue Note na santuri ya River Road hazipimwi kwa mizani moja

Jumamosi iliyopita, ndani ya Kenyatta Market, Nairobi, moshi wa nyama choma ukiwa umetanda upande mmoja na wasusi wakiita wateja upande wa pili, wapenzi wawili wa jazi walibishana hadi chai ikapoa. Chanzo kilikuwa santuri ya Lee Morgan, mpiga tarumbeta wa Marekani, "Search for the New Land", ambayo upande wake wa pili unaanza na kipande kiitwacho "Mr. Kenyatta". Kipande hicho kilirekodiwa tarehe 15 Februari 1964, miezi miwili na siku chache baada ya bendera yetu ya Kenya kupandishwa, na santuri yenyewe ikatoka 1966. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na chapa ya kwanza ya Blue Note (lebo ya jazi ya Marekani), yaani nakala ya wakati santuri ilipotoka, aliyouziwa na familia ya kigeni iliyokuwa ikihama Lavington. Kijana mmoja, fundi wa kompyuta, alikuja na chapa mpya aliyoagiza ng'ambo. Tuliziweka kwenye pleya moja, sindano ile ile, moja baada ya nyingine.

"Isikie hiyo tarumbeta, kijana wangu," mzee alisema ya kwake ilipoanza. "Ni kama mtu amesimama hapa mbele yako."

"Naisikia, mzee. Lakini mikwaruzo naisikia pia."

Ubishi wa chapa ya kwanza na chapa ya kurudiwa tunao kila tunapokutana. Nataka kuupima kwa haki, kwa sababu kila upande una hoja nzito. Lakini nina neno jingine pia: tumeuchukua ubishi huu kama ulivyo huko ulikozaliwa, tukautumia kupimia hata santuri zetu wenyewe, na hapo ndipo tunapopoteza mali.

Nianze na mzee. Santuri za Blue Note za miaka ya 1950 na 1960 zilirekodiwa kwa wingi na Rudy Van Gelder, kwanza nyumbani kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, kisha kuanzia 1959 katika studio yake ya Englewood Cliffs. Van Gelder hakuishia kurekodi. Ni yeye pia aliyechonga sahani mama ambayo kwayo santuri zilipigwa chapa, na akaacha alama ya jina lake kwenye ile nafasi tupu inayozunguka lebo. Ukiinamisha santuri kwenye mwanga ukaona herufi RVG, na karibu yake ile alama ndogo ya kiwanda cha Plastylite ambayo wakusanyaji huiita sikio, unajua kwamba sauti unayoisikia ilipita mikononi mwa mtu aliyekuwa chumbani wanamuziki wakipiga. Tepu ilikuwa bado mbichi. Hakuna aliyekuwa akikisia miaka 50 baadaye jinsi ngoma za Billy Higgins zilivyopaswa kusikika. Mzee anaposema amesogea karibu na Lee Morgan, hasemi ushirikina.

Na kuna jambo jingine ambalo vijana wetu hulidharau haraka. Santuri ya kale ni ushahidi. Jalada lake, anwani iliyoandikwa kwenye lebo, uzito wake mkononi, hata jina la mwenye nayo wa kwanza lililoandikwa kwa wino nyuma, vyote vinasimulia safari yake hadi kufika mji huu. Tunajua Louis Armstrong alipita Nairobi mwaka 1960 katika ziara yake ya Afrika. Wazee wengi wanaokusanya jazi leo walikuwa watoto au vijana miaka ile, na kwao chapa ya kwanza ni kitu cha rika lao.

Hata hivyo, imani kwamba cha kwanza ndicho cha kweli haisimami kila mara. Mfano ninaoutoa daima ni "Kind of Blue" ya Miles Davis, ya mwaka 1959. Siku ya kwanza ya kurekodi, tarehe 2 Machi, mashine kuu ya tepu ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Tepu ile ilipochezwa kwa kasi sahihi, vipande vitatu vya upande wa kwanza vikatoka vikiwa vimeharakishwa na sauti imepanda juu kidogo. Santuri zikapigwa chapa hivyo hivyo. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1992, kwa kutumia tepu ya akiba iliyorekodiwa siku ile ile kwenye mashine nyingine. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30, mpiga piano aliyekaa chumbani kwake akijaribu kufuatana na Bill Evans alikuta kinanda chake hakilingani na santuri, na huenda alijilaumu bure. Chapa ya kwanza ya "Kind of Blue", ile inayouzwa kwa fedha za kulipia kodi ya nyumba miezi kadhaa, ndiyo yenye kosa. Nakala ya karne hii ndiyo inayokupa muziki kama ulivyopigwa.

Anayetetea chapa mpya anayo silaha nyingine, ingawa inakata pande zote mbili. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity, iliyosifiwa miaka mingi kwa chapa zake za kurudiwa, ilikuwa ikihamisha tepu za studio kwenye dijitali kabla ya kuchonga sahani, huku wateja wakiamini kwamba njia nzima ni ya tepu peke yake, bila dijitali. Watu walikasirika, kesi zikafunguliwa. Hasira yao ni halali, kwa sababu mnunuzi aliuziwa kitu kwa maelezo yasiyo kamili. Lakini masikio yaliyojigamba kutambua dijitali toka mbali yalikuwa yamezipa santuri hizo alama za juu kabisa. Basi tukubali kwamba sehemu ya kile tunachokisikia inatoka kwenye kile tulichoambiwa. Hilo linamgusa mzee na sikio lake la Plastylite, na linamgusa kijana pia na karatasi yake ya maelezo ya jinsi santuri ilivyotengenezwa.

Kuhusu gharama sitachukua muda. Ukiagiza santuri nje unalipa bei yake, nauli ya ndege, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 juu yake. Chapa mpya haiepuki hayo, ila inaanzia chini zaidi. Mwalimu anayeanza kukusanya leo kwa mshahara wake hawezi kuanzia kwenye chapa za kwanza, na akiambiwa kwamba bila hizo hajasikia jazi, atakwenda zake. Nimeona watu wawili wakienda zao hivyo.

Kwa jazi ya Marekani, basi, mimi niko karibu zaidi na kijana. Tepu zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa, mafundi wazuri wapo, na nakala mpya hazitakoma. Mzee akitaka yake aitunze, ni haki yake na ninaifurahia anapoicheza. Ila asiifanye kuwa tiketi ya kuingilia.

Sasa twende kwenye santuri zetu, kwa sababu hapo hukumu yangu inageuka kabisa.

Kuna wanaosema bendi zetu ziliazima tu neno jazi bila kuwa na jazi yenyewe. Ni kweli kwamba Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani ilipiga benga, na gitaa lake halifuati njia za Charlie Parker, yule mpiga saksafoni wa jazi. Lakini neno lilipofika Afrika Mashariki lilibeba maana yake ya wakati ule: bendi ya kisasa ya dansi, yenye vyombo vya mjini. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Victoria Jazz, na kule Kongo OK Jazz iliyoanzishwa 1956, zote zilijiita hivyo bila kuomba ruhusa, na sioni kwa nini ziombe leo. Na tusisahau kwamba mkopo ulikwenda pande zote mbili. Randy Weston alirekodi "Uhuru Afrika" mwaka 1960, Langston Hughes akaandika maneno, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akayasoma kwa Kiswahili ndani ya santuri hiyo. Miaka kumi hivi baadaye Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya lugha yetu: yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga. Mtu anayeketi Nairobi akikusanya Mwandishi na kupita Victoria Jazz bila kuigeukia, nadhani ameacha nusu ya habari.

Nairobi ilikuwa kiwanda cha eneo zima. Wanamuziki wa Tanzania na Kongo walikuja hapa kurekodi kwa sababu hapa palikuwa na studio, kampuni na mashine za kupigia chapa. Mbaraka Mwinshehe alitoa nyimbo zake kwa lebo ya Polydor kupitia Nairobi hadi alipofariki katika ajali ya gari Januari 1979. Santuri ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, zilitoka kwa maelfu, wimbo ukikatwa katikati: upande mmoja sehemu ya kwanza yenye maneno, upande wa pili sehemu ya pili, ambapo magitaa yanashika kasi na watu wanasimama kucheza. Kisha kaseti zikaenea miaka ya 1980, na wizi wa nakala ukaja nazo, na santuri ikafa taratibu.

Tepu za studio za enzi hiyo ziko wapi? Wanaozitafuta ili watoe nyimbo upya mara nyingi huambiwa hazipo, kwa hiyo chapa mpya hutengenezwa kwa kunakili santuri yenyewe iliyobaki. Kwa Lee Morgan, chapa ya kwanza ni mojawapo ya njia za kuufikia muziki. Kwa bendi iliyorekodi River Road, ile barabara ya katikati ya Nairobi, mara moja ikasambaratika, santuri ile ya 45 ndiyo muziki wenyewe. Ikivunjika, hakuna pa kurudi.

Na bado wakusanyaji wetu huipima kwa vigezo vya Blue Note. Wanaitazama chini ya taa, wanaona imechakaa, wanairudisha kwenye sanduku. Hakika imechakaa! Ilichezwa kwenye baa, kwenye arusi, kwa sindano butu, usiku hadi usiku. Ningemshangaa mtu anayekataa kusoma barua pekee ya babu yake kwa sababu karatasi imekunjwa.

Wanaoinunua ni wageni. Wafanyabiashara wa santuri kutoka Ulaya hununua kwa masanduku, na hapa pia nataka nitende haki. Muuzaji ana karo ya kulipa, na mgeni ndiye aliyemtajia bei nzuri. Isitoshe, baadhi yao wameifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya London ilitoa mkusanyo wa "Kenya Special", na kwa mara ya kwanza nilisikia humo nyimbo zilizorekodiwa umbali wa dakika kumi kutoka ninapofanya kazi. Nilifurahi na niliumia kwa pamoja. Lakini kwa kila santuri inayochaguliwa kwa mkusanyo, nyingine nyingi hubaki kwenye rafu ya mtu binafsi mbali sana, na jina la mtunzi lililopigwa chapa kwenye lebo haliko tena mahali ambapo mwanawe angeweza kuliona.

Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, alikusanya sanaa na vitabu kwa maisha yake yote, na sehemu kubwa leo iko Kenya National Archives, pale katikati ya jiji, ambapo mwanafunzi anaingia na kutazama. Sisemi serikali inunue kila santuri. Nasema sisi tunaokutana Jumamosi tunao uwezo wa kuandika. Nimeanza na daftari la kawaida: lebo, namba, bendi, mtunzi, pande zote mbili, hali ya santuri, na nilipoipata.

Baada ya ubishi wa Lee Morgan kupoa, mzee alitoa mfukoni mwa koti lake santuri ya 45 isiyo na jalada, lebo imefifia, bendi ya Kijaluo ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Alikuwa nayo tangu alipokuwa akifundisha Homa Bay, na hajawahi kuileta kwa sababu, alisema, haifai kusikilizwa na watu. Kijana alifungua kompyuta yake, akaunganisha waya kwenye pleya bila kuambiwa. Sehemu ya kwanza ilipita vizuri. Sehemu ya pili iliruka mara tatu, mahali pale pale gitaa linapoingia. Tuliinakili hivyo hivyo, mzee akimtajia kijana majina ya kwenye lebo, herufi moja moja.