Niacheni Ninune kwa Amani

Kuna watu wanadhani kununa ni kazi rahisi. Thubutu! Kununa kunataka muda, kunataka mahali pa kukaa, na zaidi ya yote kunataka watu wakuache. Mimi nikiamka tu, hata uso sijanawa, naishika simu na kuzisoma habari za dunia, kuanzia vita, mafuriko, magonjwa, mpaka wakubwa wanaotukanana. Nikifika mwisho najiona nimeiva kabisa. Uso umekunjamana sawasawa, siku imeanza. Hapo ndipo mjomba anapotuma kwenye kundi la familia picha ya ua jekundu lenye matone ya umande, limeandikwa: "Tabasamu! Leo ni siku mpya!"

Mjomba, shikamoo. Najua ni siku mpya. Ile ya jana niliimaliza mimi mwenyewe, na hakuna aliyenipokea.

Siku hizi huzuni haina heshima tena. Zamani mtu akikaa kimya ameshika tama, watu walimpita kwa adabu. Leo lazima atokee mhamasishaji mwenye kipaza sauti amwambie kwamba furaha ni uamuzi, kwamba matajiri wote huamka saa kumi alfajiri. Saa kumi! Mwenye madeni tayari yuko macho saa kumi, hayo madeni yenyewe ndiyo yaliyomwamsha, na utajiri hajauona. Tena mhamasishaji akishamaliza kukuambia fedha haileti furaha, anakuonyesha namba ya kulipia somo la pili.

Sasa mama watoto naye amejifunza kitu. Ameniwekea daftari kando ya kitanda, eti kila jioni niandike mambo ya kushukuru. Nikabisha. Akaniletea ushahidi: mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi. Waliwagawa makundi matatu. Kundi moja lilikuwa likiandika kila wiki mambo wanayoyashukuru, lingine likiandika kero zao, la tatu likiandika mambo yaliyotokea tu, mazuri kwa mabaya. Baada ya wiki 10, wale wa shukrani walikuwa wanayaona maisha yao vizuri zaidi na wanaitazamia wiki inayokuja kwa moyo mkunjufu kuliko wenzao.

Matokeo sina neno nayo. Kinachonikera ni kwamba kulikuwa na kundi la kero na mimi sikuitwa! Lile lilikuwa kundi langu kabisa. Waliambiwa waandike mpaka mambo matano kwa wiki. Matano? Hayo nayamaliza kabla sijaipata kandambili ya pili iliyojificha chini ya kitanda. Wangeniita mimi, utafiti ungeishiwa karatasi.

Basi, kwa kuogopa ugomvi nikaandika. Kwanza, nashukuru jirani amesafiri. Pili, nashukuru amesafiri na spika yake. Tatu, nashukuru kwamba mkwe wake naye hayupo, maana yule akicheka madirisha yetu yanatetemeka. Mama watoto akasoma, akafunga daftari, akasema, "Baba, hizi si shukrani. Haya ni masengenyo." Lakini nilimwona kwenye kioo amejiziba mdomo, mabega yanaruka.

Na si nyumbani tu. Hata Umoja wa Mataifa umeitengea furaha siku yake, 20 Machi ya kila mwaka, kuanzia 2013. Wazo lilitoka Bhutan, ile nchi ndogo ya kwenye milima ya Himalaya, ambayo tangu miaka ya 1970 imekuwa ikihubiri kwamba maendeleo yapimwe pia kwa furaha ya watu, si kwa pato la taifa peke yake. Bhutan sina ugomvi nao. Lakini hebu tupige hesabu: ikiwa furaha imepewa siku moja, zimebaki 364 hazina mwenyewe. Hizo nimezichukua mimi.

Ufini nao ndio wanaoongoza kwa furaha duniani, mwaka baada ya mwaka tangu 2018. Ili kulipima hilo, mtu anaulizwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 mpaka 10, cha juu kabisa kikiwa maisha bora anayoweza kuyapata, kisha aseme yeye amesimama wapi. Mimi nisingejibu kwanza. Ningeuliza: hiyo ngazi imeshikiliwa na nani?

Ila kisa changu hasa na furaha si hayo. Kisa changu ni kwamba furaha haina adabu. Iite, haiji. Iandalie sherehe, nguo mpya, viti, mapambo, itakaa nje huko, na wewe utabaki unahesabu wageni waliokuja bila mwaliko. Lakini jipange kukasirika, jipange vizuri, na sababu unazo, utaiona inaingia kama mgeni asiyejua kupiga hodi, inakaa katikati ya watu wenye majonzi na kuwavuruga wote.

Tulikuwa msibani. Msiba wa mzee wetu mmoja, mtu mkali, mtu ambaye watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimwona wanabadilisha njia. Tumekaa kimya, mimi nimepata kiti kizuri cha kuhuzunikia, pembeni, chenye kivuli. Msomaji wa wasifu akasimama, akakohoa, akasoma: marehemu alikuwa mtu mpole, mwenye subira, hakuwahi kugombana na mtu yeyote maishani mwake. Kimya. Kisha kutoka upande wa akina mama ikasikika sauti ya mjane, bibi wa watu, taratibu kabisa: "Jamani, hebu muangalieni vizuri. Isije ikawa tumeletewa mwingine."

Sikilizeni, mimi nilijitahidi. Nilijiuma ulimi, nikakumbuka madeni yote, nikakumbuka jino langu la nyuma. Lakini nikamwona shemeji mmoja mbele yangu ameinamisha kichwa, mgongo unakwenda juu na chini, na mimi nikajua halii yule. Basi ndiyo ikawa. Watu wazima, wenye heshima zao, wanacheka huku machozi yanatoka, na yale machozi ni ya kilio kweli, na kicheko nacho ni cha kweli, na hakuna anayejua afute yapi aache yapi. Bibi mwenyewe akacheka mpaka akashikiliwa. Kisha akalia tena, safari hii kilio kilichoshiba. Baadaye akasema tangu auguze hakuwa amepata nafasi ya kulia namna ile.

Au ile siku ya foleni. Ofisi siitaji, zote mnazijua. Nilikwenda pale na hasira nimeziandaa tangu nyumbani, na maneno nimeyapanga: nikifika dirishani naanza na hili, namalizia na lile. Kabla sijafika, mtandao ukaanguka. Binti wa dirishani akasema tusubiri kidogo. Hiyo "kidogo" ikakaa mpaka kivuli kikahamia ukuta wa pili. Watu wanaguna, watoto wanalia, mimi naona mambo yanakwenda kama nilivyotaka. Kumbe mbele yangu kuna babu mmoja amekuja kwa habari za pensheni. Akasogea dirishani na fimbo yake, akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimeitwa hapa nije kuthibitisha kwamba bado niko hai. Mkizidi kuchelewa mtanifanya niwe mwongo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Binti wa dirishani kalala juu ya meza. Bwana mmoja ambaye muda wote alikuwa ananisukuma mgongoni akaniegemea begani na kunipiga-piga, utafikiri tumenyonya ziwa moja. Mtandao ulikuwa bado umelala. Hakuna kilichokuwa kimetengenezwa. Lakini yale maneno yangu niliyoyapanga, nilipofika dirishani, nikayatafuta sikuyaona. Nikajikuta nasema, "Pole na kazi, mwanangu." Mimi!

Nimekuja kujua hata wenye elimu wamelichunguza hili. Mwanasaikolojia Robert Provine wa Marekani alichunguza watu wanavyocheka katika maisha yao ya kila siku, akakuta mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Tena vicheko vingi havitokani na vichekesho kabisa, vinafuata maneno ya kawaida tu, "haya, tutaonana" na mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo sasa ninaujua udhaifu wangu uliko. Nikiwa chumbani peke yangu nanuna vizuri mno. Wanaoniharibia ni watu.

Hata hivyo msije mkaniona meno nje mkanipeleka kwenye takwimu za Ufini. Mwaka 1962, tarehe 30 Januari, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikaambukiza: wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, shule ikafungwa mwezi Machi, na kicheko kikaenda vijijini. Walicheka, wakalia, wakahangaika. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu hawakuona kitu, na wengi waliolichambua jambo lile baadaye wameona ni mioyo iliyokuwa imeelemewa. Kwa hiyo kicheko chenyewe tu si cheti cha furaha.

Na matumaini je? Hayo nayo yana kesi yake. Katika hekaya ya Wagiriki wa kale, mwanamke aitwaye Pandora alifunua mtungi, yakatoka maovu yote ya duniani yakatawanyika, akawahi kufunika, kikabaki kitu kimoja ndani: matumaini. Watu wakiisikia wanafurahi. Mimi nauliza, matumaini yalikuwa yanafanya nini ndani ya mtungi wa maovu? Nani aliyapanga pamoja? Na kama yamefungiwa humo mpaka leo, haya yanayonisumbua mimi kila siku yametokea wapi?

Maana yananisumbua. Mtaalamu mmoja, Charles Snyder, alisema matumaini si kukaa ukingoja, ni mambo mawili yaendayo pamoja: kuwa na nia, na kuona njia za kukufikisha unakokwenda. Mimi nia ninayo. Njia ndizo ninazokuta zimefungwa kwa matengenezo. Lakini tazama watu wanavyofanya. Jirani yangu, huyo wa spika, kila tukikutana ananiambia dunia imekwisha, haifiki popote. Juzi nimemkuta ananunulia mtoto viatu, vikubwa mpaka mtoto anatembea kwanza ndipo viatu vinafuata. Nikamuuliza, mbona hivi? Akanijibu, "Atavikulia." Atavikulia lini, jirani, na dunia umeshaifunga?

Nilimcheka sana, na hilo likamfikia mama watoto. Naye ana kumbukumbu kali, na hilo ni baya kwangu. Wiki ileile tulikwenda kununua godoro, na asubuhi yake, baada ya kusoma habari, nilikuwa nimetangaza mbele ya watoto kwamba kwa hali hii mwaka huu hatuumalizi. Tumefika dukani, muuzaji akasema godoro lina dhamana ya miaka mitano. Nikamwambia miaka mitano ni dharau, mimi nataka kumi, tena kwa maandishi, na mhuri. Tukabishana mpaka meneja akaitwa. Mama watoto akanivuta shati, akaninong'oneza, "Baba, si ulisema mwaka huu hatuumalizi?"

Nikamwambia usichanganye mambo. Dunia kuisha ni kitu kingine, na huyu bwana kunidhulumu miaka mitano yangu ni kitu kingine kabisa.