Kupima maji ya turbini kwa sauti: tuongeze vihisi au tupime bomba upya?

Turbini ya megawati 100 ikikosewa asilimia 1 kwenye kipimo cha maji, ufanisi wake nao hukosewa kiasi hicho: megawati nzima ya kubishaniwa kati ya aliyeiunda na aliyeinunua. Umeme unaotoka hupimwa bila taabu, presha pia. Kinachosumbua ni kujua mita za ujazo ngapi zinapita kila sekunde.

Sauti inavutia kwa sababu wazo lenyewe ni jepesi. Vihisi viwili hufungwa mshazari ndani ya bomba, na kila kimoja humpigia mwenzake. Sauti inayofuata mkondo hufika mapema, inayoupinga huchelewa. Ukizipima zote mbili, kasi ya sauti yenyewe hujifuta kwenye hesabu, hivyo badiliko la joto la maji halikupi shida. Ila tazama udogo wa kinachotafutwa. Kwenye bomba la kipenyo cha mita 5, njia ya sauti ikiwa digrii 45 na maji yakienda mita 3 kwa sekunde, sauti huvuka kwa milisekunde 4.8 hivi. Tofauti ya kwenda na kurudi ni kama maikrosekunde 14.

Saa za leo zinaimudu hesabu hiyo, ndiyo maana wengi hutafuta uboreshaji kwenye kuongeza njia za sauti: 4, kisha 8, hata 18. Wana hoja. Maji yaliyotoka kwenye kona huja yakijizungusha, na safu moja ya njia huusoma mzunguko huo kama mwendo wa mbele. Safu mbili zikipishana, moja huzidisha, nyingine hupunguza, na kosa hufutika kwa sehemu kubwa.

Lakini kuna makosa ambayo njia zote huyarithi. Pembe ikikosewa kwa nusu digrii, mwendo hukosewa karibu asilimia 0.9. Kihisi kilichochomoza ukutani nacho huvuruga maji palepale kinapopimia. Hapo kuongeza vihisi ni kuongeza mashahidi waliofundishwa ushahidi mmoja.

Vituo vya maporomoko mafupi vina shida nyingine. Kanuni iliyozoeleka hudai bomba lililonyooka kwa vipenyo 10 kabla ya vihisi. Kwao kuna mdomo mfupi wa kuingizia maji unaosinyaa, basi. Huko hutumika mbinu ya kufuatilia jinsi misukosuko ya maji inavyoichezesha sauti. Haihitaji bomba refu, ila karibu na dari na kuta inabidi kukisia. Wengine hujaza mapengo kwa modeli ya kompyuta. Sipendi sana: kipimo kilichokuja kuikagua modeli kinaishia kusahihishwa nayo.

Fedha zikitosha kwa jambo moja tu, ningelikausha bomba nikapima kipenyo, pembe na mkao wa kila kihisi kwa leza. Waendeshaji watalalamika kwamba turbini iliyosimama haiuzi umeme, na ni kweli. Kwa hiyo kazi hii ingoje matengenezo makubwa, bomba likiwa tupu tayari, na iandikwe kwenye ratiba kabla mafundi hawajafunga mlango wa ukaguzi.