Eti ufukwe "umekaa bure"

Nilitupa picha kumi na mbili kwenye grupu la familia. Jua linachomoza, mchanga mpaka macho yanachoka, ndege mwari saba wamepanga foleni juu ya mawimbi, na moja ya kitoto cha kasa kinakimbilia maji. Binamu yangu wa Tanga akazipitia zote halafu akanitumia sauti: "Sasa mbona hapo hamna kitu? Hamna hoteli, hamna baa, hamna hata kibanda cha mihogo. Wamarekani na akili zao zote, eneo lote hilo limekaa bure?" Shangazi akaweka vikatuni vitatu vya kucheka, kesi ikafungwa.

Kwangu mimi haijafungwa mpaka leo. Limekaa bure!

Tulikuwa Padre Island, kusini mwa Texas, upande wa Corpus Christi. Kutoka Houston ni masaa manne na ushee ukiwaheshimu trafiki. Unaendesha weeee, unapita pale Malaquite kwenye ofisi za hifadhi, mbele kidogo lami inaisha, na haiishii kwenye maegesho, inaishia baharini. Unashusha tairi mchangani na huo mchanga ndo barabara, kisheria kabisa, gari iwe na namba na bima kama uko mjini. Maili tano za kwanza hata kigari cha kwendea kazini kinapita. Baada ya hapo kuna kibao, fowili tu (gari inayovuta tairi zote nne), na mbele yako zimebaki maili kama 55 mpaka kwenye mfereji wa Mansfield unaokikata kisiwa. Hamna petroli, hamna maji ya kunywa, na simu inageuka kuwa kamera tu. Wenyewe wanasema hakuna kisiwa kirefu cha namna hii duniani ambacho hakijajengwa, kilomita mia na kitu za mchanga, vilima vya mchanga vyenye nyasi, vitwitwi wanaokimbizana na wimbi kama watoto, na mbweha wa huku, koyote, anayekuangalia toka juu ya kilima kama anakudai.

Shemeji ndo alikuwa anaendesha. Nikamwambia tupunguze upepo wa tairi, tumesoma, imeandikwa. Akanijibu alishaendesha Land Cruiser kule Mkwaja, Tanga, wakati wa masika, kwenye ule udongo mweusi, sasa mchanga utamfanya nini. Mchanga ulimfanya. Kwenye sehemu yenye makombe ya baharini yaliyosagika tukazama mpaka tumbo la gari likalala chini. Akakanyaga mafuta, tukazama tena. Nikachimba kwa mikono na kifuniko cha sufuria, jua linapanda, mke wake kimyaaa nyuma, ile kimya ya mtu anayetunza maneno ya kutumia nyumbani.

Saa nzima baadaye akatokea mzee mmoja mvuvi na pikapu yake imeliwa na kutu. Hakuuliza kitu. Akapiga magoti akaanza kutoa upepo kwa ncha ya ufunguo, pssssss, tairi moja baada ya nyingine, mpaka mbavu za tairi zikatanuka chini kama unga wa chapati uliopumzika. Akaingia yeye akashika usukani, gari ikatoka taratibu bila kelele. Tukaanza kushukuru, tukatoa na hela, akakataa, akanyoosha kidole kwenye yale mashimo: fukieni. Tulidhani utani. Alisimama pale mikono kiunoni mpaka tumefukia yote, mashimo na mifereji ya tairi. Vitoto vya kasa vikitumbukia humo havitoki, vinakaangwa na jua au vinaliwa na shakwe.

Binamu, naomba usikie hapo. Mzee ambaye hana sare, halipwi, yeye hatujui, sisi hatumjui, anasimamia shimo lifukiwe. Hiyo ndo "kukaa bure" yenyewe.

Maana huo utupu una watu nyuma yake. Sheria ya kuifanya sehemu ile kuwa hifadhi ilisainiwa na Rais Kennedy mwaka 1962, wakati huohuo wenye hela walikuwa wanakitamani kisiwa kwa mambo hayohayo anayoyataka binamu yangu. Halafu kuna habari ya kasa. Kuna kasa mdogo kuliko wote wa baharini, wanamwita Kemp's ridley, ana tabia ya ajabu ya kutaga mchana kweupe. Mwaka 1947 mtu mmoja Mexico, pale Rancho Nuevo, alipiga filamu ufukweni, na kwenye hiyo filamu wataalamu walikadiria kasa elfu 40 siku moja. Elfu arobaini! Kufika 1985 vilihesabiwa viota 702 msimu mzima. Watu walikula mayai, nyavu za wavuvi wa kamba zikamaliza wakubwa.

Sasa sikiliza walichofanya wataalamu. Kuanzia 1978 mpaka 1988 walikuwa wanachukua mayai Rancho Nuevo, wanayapakia kwenye maboksi yenye mchanga uliotolewa Padre, yasiguse hata punje ya mchanga wa kwao, yanasafirishwa. Yakianguliwa, vile vitoto vinawekwa ufukweni Padre, vinaachwa vitambae vyenyewe mpaka kwenye maji, vionje chumvi, vinuse, halafu vinakamatwa tena na kupelekwa Galveston, mji mwingine wa pwani ya Texas, kulelewa karibu mwaka mzima ndo viachiwe. Yote hiyo ili vikumbuke. Kwa matumaini kwamba siku moja, miaka kumi na zaidi mbele, mama mmoja atasema kwetu ni pale. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Wa kwanza kurudi kutaga walionekana 1996.

Mi nikisoma vitu kama hivyo nalia, sioni aibu. Unajua uvumilivu huo? Sisi mradi ukipita miezi sita bila mgeni rasmi kukata utepe tunasema umekufa.

Asubuhi ya pili tuliwaona wanaachia vitoto, alfajiri, pale Malaquite. Maboksi meupe kama ya wauza samaki. Unachungulia ndani vinatapatapa, kila kimoja hata kiganja hakijazi, rangi ya mkaa. Wahudumu wamesimama na vitambaa kufukuza shakwe. Watu labda mia mbili na zaidi, watoto wengi, na hakuna anayepiga kelele. Kimoja kikafika kwenye wimbi, kikapinduliwa, kikarudi mwanzo, kikaanza upya. Mtoto wa shemeji akanishika mkono akaniuliza, anko, mama yake yuko wapi? Sikuwa na jibu.

Haya, niseme na yale nisiyoyapenda, msije mkanirukia kwenye maoni. Kuruhusu magari kwenye ufukwe wa kasa kuna kichekesho chake, hata kama msimu wa kutaga mwendo ni maili 15 kwa saa na mayai mengi yanahamishiwa kwenye mashine kwanza. Visima vya gesi navyo vimechimbwa humohumo hifadhini. Na takataka, jamani! Mikondo ya Ghuba ya Mexico inaleta plastiki ya dunia nzima, niliokota helmeti ya mjenzi na kandambili ya mguu mmoja. Na ndiyo, vijana wanataka ajira. Ila anayetaka hoteli, kisiwa hichohicho upande wa kusini zimejaa, maghorofa yamesimama mpaka kivuli kinaangukia maji. Vyote viwili vipo. Kwetu tunaruhusiwa kimoja tu.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Texas, watu wa bunduki na "hapa kwangu", mwaka 1959 walitunga sheria kwamba ufukwe ni wa watu wote, na 2009 wakaiingiza kwenye katiba ya jimbo. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Mazingira ya 2004, mita 60 kutoka baharini pasijengwe kitu cha kudumu. Tembea Dar kwa miguu ufukweni halafu uniambie hizo mita 60 umeziona wapi, labda chini ya ukuta. Mwaka juzi nikiwa likizo askari wa hoteli moja alinifukuza kwenye mchanga ambao bibi yangu alikuwa anaokotea chaza, tena kwa heshima kabisa, "samahani anko, hapa ni kwa wageni". Mgeni nani? Na pale ufukwe wa Madete, ndani ya hifadhi ya Saadani, kasa bado wanapanda kutaga usiku, tembo nao hushuka mpaka karibu na bahari, mahali penyewe wala si mbali na kwa binamu. Nimemuuliza kama ameshafika. Hajafika, anasema kule kuna nini sasa.

Jana nikamwambia akija huku nitampeleka kotekote, kusini kwenye maghorofa yake na kaskazini kwenye bure yangu. Amekubali, ila anauliza kama kuna choo. Kipo, pale Malaquite. Mbele ya hapo ajitegemee.