Kipanya Ndani, Mlango Umefungwa

Kwenda visiwa vilivyosafishwa panya katika Ghuba ya Hauraki, New Zealand, si kubeba begi na kurukia boti. Mzigo wetu ulipitia kwanza chumba kisichopenyeka: mpira chini ya mlango, na hakuna tundu linalozidi milimita 6, maana kipanya hupita palipopita penseli. Mabegi yakapangwa sakafuni yakiachana, feni ikazimwa harufu isitawanyike, ndipo akaingia mkaguzi, mbwa mdogo aina ya terria aliyevishwa kifunga mdomo. Kifaa hicho ni cha kuwalinda ndege kisiwani. Humo chumbani kilitutia balaa.

Ukali wote huo una sababu. Mwaka 2004 watafiti walimwachia kwa makusudi panya dume mmoja, Razza, kwenye kisiwa cha Motuhoropapa, akiwa na kifaa cha redio cha kumfuatilia shingoni, waone ugumu wa kumnasa. Aliwazungusha wiki 18, akaogelea mita 400 hadi kisiwa jirani, akaja kunaswa kwa nyama ya pengwini.

Basi, mbwa akapita mabegi matatu, kwenye la nne akaganda, pua kwenye buti, macho kwa mwalimu wake. Habweki, hakufunzwa hivyo. Mwenye begi, mtaalamu wa ndege na mtu mzima mwenye heshima zake, akasema hiyo ni harufu ya soksi tu. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba mbwa huyu hana cheti cha soksi. Akalipindua buti.

Kipanya hicho! Tukajikuta watu wazima sita juu ya meza moja. Kufungua mlango marufuku. Mbwa akakifuata kona hadi kona, na kila kiliposimama naye anaganda, anatuonyesha.

"Tumeshakiona!" mtu akapiga kelele. "Kikamate!"

Kwa mdomo upi?

Ikabidi mitego ya springi. Siagi ya karanga kiasi cha punje ya njegere yatosha. Ukizidisha, panya hulamba pembeni bila kufyatua. Mtego husimamishwa upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hukimbia akipapasa ukuta kwa masharubu. Ukiuweka katikati ya chumba, unatega vidole vya miguu ya wenzako. Tulingoja, tukasikia pap! Tukashuka mezani tukipongezana.

Mwalimu hakupongeza mtu. Kipanya akikimbia hudondosha mkojo njiani, na hiki kilikuwa kimekanyaga mzigo wote. Mbwa akarudishwa: begi la kwanza, akaganda. La pili, akaganda. Hata sanduku la mchele. Huwezi tena kujua ipi ni harufu ya marehemu na ipi ya ndugu yake aliyejificha, kwa hiyo kila begi likamwagwa, kitu kimoja kimoja, mbele ya umati, huku maji yakikupwa na nahodha akitazama saa.

Kutoka begi la mtaalamu wa ndege ikaibuka pajama yenye picha za paka. Mbwa akainusa, akaipita.