Mwandishi amesahau kigari cha mtoto

Kuna makala inayodai eti akina mama wa Kiyahudi wa Kiorthodoksi (wanaoshika sana sheria za dini) wenye watoto wadogo hufika sinagogi Jumamosi asubuhi ibada ikikaribia kwisha kwa sababu dini yao haiwahesabu. Nusu ni kweli: wale watu kumi wanaotakiwa ili sala ya jamaa ifanyike ni wanaume tu, na mama halazimiki na ibada nyingi zenye saa maalumu. Lakini mwandishi kaliruka jambo kubwa. Siku ya Sabato, inayoanza Ijumaa jua likitua, ni marufuku kubeba au kusukuma kitu barabarani, hata mtoto asiyetembea, isipokuwa mtaa uwe ndani ya eruvi, mpaka wa nguzo na waya unaoufanya uhesabiwe kama ua mmoja. Nakaa kaskazini-magharibi mwa London miaka mingi. Kabla eruvi ya huku haijaanza mwaka 2003, jirani zangu wenye wachanga walikwama ndani. Labda baba awahi ibada ya alfajiri, arudi kushika zamu. Siku hizi vigari vimejipanga nje ya sinagogi kama bodaboda stendi, na kwenye roshani ya wanawake mama kashika kitabu cha sala mkono mmoja, wa pili unamtuliza mtoto kwa biskuti. Ila waya ukikatika Ijumaa usitengenezwe kabla jua halijatua, wanarudi palepale. Nairobi nako kuna sinagogi ya siku nyingi: mliofanya kazi kwa familia za Kiyahudi huko, akina mama wenye wachanga hufanyaje?