Barua ya kunikaripia kwa kutolima

Mwaka jana uongozi wa bustani ninakokodi kipande, hapa Leipzig, uliniandikia barua. Eti kipande changu kina nyasi nyingi mno. Taratibu za bustani hizi hapa Ujerumani zinataka angalau theluthi moja ya eneo ilimwe matunda na mboga, nami nilikuwa na mistari miwili ya vitunguu na kiti cha kuotea jua. Nikampigia simu babu, kule Machame, Kilimanjaro, kumsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Mzungu amekuandikia barua kwa sababu hulimi? Wewe, mjukuu wangu mimi?"

Babu amefariki Oktoba, kahawa ikichumwa. Mkataba wangu wa kazi unatoa siku mbili za msiba kwa mzazi, mwenzi au mtoto, babu hayumo. Nikatazama udongo ukirudishwa kaburini kupitia simu ya binamu, picha ikikwamakwama. Lakini sitaandika kwamba Ulaya hawajui undugu. Sisi wa huku tumeshaliimba hilo vya kutosha, na tukiwa wakweli, mara nyingi tunajisifu tu. Langu linatuuma sisi wenyewe. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, hakikumalizwa na bei ya kahawa wala chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa. Tumekimaliza sisi, kwa pesa tulizotuma.

Kilikuwa ekari moja na kidogo. Juu migomba, chini yake kahawa, magimbi kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, miringaringa miwili ya kivuli. Ng'ombe walikaa bandani mwaka mzima, wakiletewa majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, na samadi yao ikirudi shambani. Namwona bado akiichota kiganjani, anaifinya, anainusa, anairudisha: "Hii bado ina moto." Kwenye kila shina la mgomba aliacha watatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Chipukizi la nne aling'oa bila huruma, jambo lililotuchekesha sana utotoni, maana wajukuu wenyewe tulijaa nyumba nzima.

Kahawa hiyo ilisomesha watoto sita. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, kilikuwa na umri karibu sawa na wake. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, yeye aliendelea kupalilia, na viliporudishwa miaka ya themanini alikuwa bado anapalilia. Mwenyewe alikunywa chai.

Halafu tukapata kazi nje. Mimi huku, ami zangu wawili Marekani, binamu mmoja Dubai. Kwenye kundi la familia tukakubaliana kwamba ni aibu mzee kulala kwenye nyumba ya mabati yenye kutu, hivyo tukamjengea: vyumba vitano, vigae, baraza yenye nguzo, na nafasi ya kugeuzia magari. Hakuna aliyeuliza itakaa wapi. Ilikaa kwenye kahawa. Lori la mchanga lilifukia mfongo, na mti wa msesewe, ambao magome yake ndiyo yaliyotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, ya ukoo, ukaangushwa kupisha tangi la maji. Babu alishukuru mbele ya simu, akatuonyesha sebule na jiko, kisha akaigeuza kamera nje tuione ndizi iliyokuwa imeanza kuchanua nyuma ya ukuta. Usiku alirudi kulala nyumba ya zamani. Alisema vigae vinateleza. Shangazi anasema alitaka kuwa karibu na ng'ombe.

Na huku tulikokimbilia maendeleo? Jirani yangu bustanini ni mstaafu wa reli, anakuja kwa baiskeli alfajiri kung'oa magugu kwenye jordgubbar. Wapo watu mijini wanaosubiri miaka kwenye orodha wapate kipande kama hicho, ambacho kisheria hakitakiwi kuzidi mita za mraba 400. Kibanda cha ndani nacho mwisho mita za mraba 24, pamoja na kibaraza, na hairuhusiwi kuhamia humo. Nyumba haiwezi kuila bustani. Wameliandika kwenye sheria jambo ambalo kwetu lilikuwa likilindwa na mzee mmoja na safu ya masale, mimea ya kuonyesha mpaka, na sisi tuliopita kwenye bustani zao kila Jumapili tukatuma nyumbani ramani ya jumba.

Babu alifurahi sana nilipohamia mji huu, kuliko hata nilipopata kazi. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame 1893 walitumwa na jumuiya ya Leipzig, na yeye alikuwa mzee wa kanisa. Aliniuliza kama makanisa bado yanajaa. Nilimdanganya.

Wala hakuwa malaika. Shangazi, aliyemkatia majani ya ng'ombe kwa miaka ishirini na zaidi, aliomba kipande cha kihamba akanyimwa, kwa sababu ni mwanamke na aliwahi kuolewa. Nilikuwepo siku hiyo, likizo, na nilinyamaza. Nilikuwa naogopa kuharibu Krismasi.

Sasa kundini limekuja wazo la nyumba ya pili, ya wageni, kwa sababu Desemba wote tukipanda mlimani vyumba vitano havitoshi. Itakaa kwenye migomba iliyobaki. Juzi nimeandika kwamba napinga, sitatoa senti, na kwamba kihamba apewe shangazi kwa maandishi, mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kijiji, sehemu yangu ikiwemo. Nikaambatanisha picha aliyonitumia shangazi: mkungu umekatwa, mama ameanguka, mtoto na mjukuu wamesimama.

Ujumbe umesomwa na watu kumi na mmoja. Aliyejibu ni mmoja. Ameuliza magari yataegeshwa wapi.