Raba Hazifai Kwenye Kikuku

Inaudhi kusikia mtu anayeanza kujifunza kupanda farasi akiambiwa, "Vaa raba tu, zinatosha." Hazitoshi! Na anayemshauri aagize buti ndefu kutoka nje kabla hajapanda hata mara tano, naye anamtia hasara ya bure.

Dodoma tumezoea punda. Punda hupandwa bila tandiko, miguu inaning'inia, hata kandambili hazina neno. Farasi hufungwa tandiko lenye vikuku, yaani vyuma vinavyoning'inia pande mbili vya kuingizia miguu, na hatari yote iko hapo. Soli ya raba ni bapa kutoka vidoleni hadi nyuma. Farasi akishtuka na kuruka pembeni, mguu unateleza mbele, kikuku kinakwama kwenye kifundo. Ukianguka hapo, mwili uko chini na mguu umebaki juu. Farasi akihisi kitu kinaburuzika ubavuni mwake, ndiyo kwanza anaongeza mbio. Kinachouzuia mguu usipite ni kisigino cha sentimita 2 hadi 3, chenye ukingo wa mbele uliosimama wima. Kwa hiyo ukifika sokoni, tazama kisigino kabla ya kuuliza bei.

Kiatu chenyewe ni buti fupi ya ngozi inayofunika kifundo, na kwenye mitumba ya soko la Sabasaba ukichambua kwa subira utaipata. Pindisha soli kwa mikono miwili. Ikionyesha nyufa au gundi ikiachia, irudishe, maana jua la huku litaimalizia. Soli iwe karibu laini. Yenye meno makubwa, kama ya buti za ujenzi, hung'ang'ania kikuku na mguu hautoki upesi. Upana nao upimwe: kikuku kinatakiwa kuzidi kiatu kwa kama sentimita 2.5, yaani nafasi ya kidole kila upande. Kata kijiti chenye urefu sawa na upana wa ndani wa kikuku cha unakojifunzia, uende nacho sokoni.

Buti nzuri iliyolika kisigino usiiache. Fundi viatu ataweka kipya. Mwambie apige na misumari, asitegemee gundi peke yake, na ukingo wa mbele asiuchonge mshazari.

Gambuti zina kisigino, hilo kweli, ila ni pana, mguu unacheza ndani, na mpira hung'ang'ania. Sendozi na makatambuga, hapana: mnyama wa kilo 400 akikukanyaga, vidole vimekwisha. Kamba za viatu zichomeke ndani zisinase. Vaa soksi za kufika gotini, kwa sababu mkanda wa kikuku huchubua shavu la mguu.

Anayeongozwa kwa kamba, miguu ikiwa nje ya vikuku, haya, apande na raba. Siku akiambiwa aingize miguu, raba zibaki nyumbani.